Sikio la Kushoto la Bi Maswali

Mlango wa kijani, ghorofa ya pili,
Jumapili, tarehe 14 Juni,
saa tatu na robo asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Hujambo? Wifi hajambo? Bega lake lililokuwa likimsumbua linaendeleaje? Na magoti yako, au bado unapanda ngazi kwa miguu ilhali kazi yako ni kutengeneza lifti? Sisi huku tu wazima. Mimi sijambo, ukiondoa usingizi. Binti yako Bi Maswali anakula vizuri, hana homa, hana kikohozi, na viatu mlivyomtumia vimemkaa sawasawa.

Unaona hapo juu kwenye tarehe nimeandika mpaka robo ya saa. Nimeuliza bega, nimeuliza magoti, na nilikuwa karibu kuuliza kama mvua inanyesha huko. Unanijua. Nikizidisha salamu ujue kuna jambo limenikaa kooni, na hili limenikaa siku tisa.

Ndugu yangu, mashine ya sikio la kushoto la mwanao imekufa, na mimi ndiye niliyeiua. Kaa chini kwanza. Usipige simu. Soma mpaka mwisho, ndipo unigombeze.

Wewe mwenyewe unajua sikio lake la kulia ni la kutundikia hereni tu, hata likivalishwa mashine yake. Kushoto ndiko anakosikia, na kusikia kwenyewe ni kwa msaada wa ile mashine. Tangu Ijumaa ya tarehe tano mtoto hasikii kitu. Mlango ukigongwa, hasikii. Nikimwita nikiwa nyuma yake, hageuki.

Mwezi uliopita nilimpima kliniki, kama ninavyowapima watoto wa watu kila siku, nikaona usikivu wake umeshuka kidogo. Hilo peke yake halitishi. Mashine inaongezwa nguvu kwa kompyuta, dakika kumi hazifiki, mtoto anakwenda kucheza. Unaifunga kwa waya mwembamba, waya unaingia kwenye kidude cheupe chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, na kidude unakichomeka kwenye tundu la USB. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na mmoja na sijawahi kuharibu hata sikio la babu wa mtu.

Ila kompyuta yetu ya zamani iliungua siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Waliotengeneza mashine za aina ya mwanao walishafunga kiwanda, na programu yao haitaki kusikia habari ya kompyuta mpya. Ndipo fundi wetu wa kompyuta akatuwekea kitu kinachoitwa kompyuta pepe. Huyu fundi tunamwita Taratibu, kwa sababu hata chafya anaipanga kwanza. Ukiifungua kompyuta mpya unaona dirisha, na ndani ya dirisha hilo mna kompyuta nyingine nzima ya kizamani, isiyoshikika, inayodhani iko peke yake duniani. Kompyuta ya nje wanaiita mwenyeji, ya ndani wanaiita mgeni. Programu yetu ikakubali kuishi kwa mgeni.

Kilichobaki ni kile kidude. Ukikichomeka, mwenyeji anakidaka, na mgeni hana habari kama kipo. Lazima mwenyeji aambiwe akiachie. Taratibu alikuwa amekwenda kumuuguza baba yake, na kwa simu alinisihi nimsubiri. Nilimwambia sawa. Kisha nikajitia hamnazo, nikafungua maelekezo nikaanza mwenyewe, maana mtoto alikuwa ameanza kuniambia, "Shangazi, sema tena," kila baada ya sentensi moja, na moyo ulikuwa unaniuma.

Mwanzoni orodha ya vifaa ilikuwa tupu. Nikagundua jina langu halimo miongoni mwa watu wanaoruhusiwa kumpa mgeni vifaa. Nikaliingiza, nikatoka, nikaingia upya, na kidude hicho hapo kwenye orodha. Nilijiona profesa. Kikafuata cha mwisho, kuweka kanuni ya kumwambia mwenyeji kwamba kifaa chenye sifa hizi na hizi, kila kikija, mpe mgeni bila kuuliza. Kanuni yenyewe ni fomu ndogo tu. Jina la kifaa, namba ya mtengenezaji, namba ya aina, toleo, namba ya utambulisho, tundu.

Sasa mkumbuke baba. Miaka thelathini karani wa masjala, na nyumbani tulilelewa kama mafaili. Fomu haiachwi na nafasi wazi! Kama jambo halikuhusu, unapiga mstari. Nadhani hujasahau barua uliyomwandikia ukiwa bweni, akakurudishia na kalamu nyekundu kwa sababu hukuweka tarehe. Basi mtoto wa karani nikakaa nikajaza nafasi zote sita, mpaka namba iliyoandikwa chini ya kidude kwa maandishi ya kutafutwa kwa tochi. Nikatazama fomu yangu ikanipendeza.

Saa nane mchana, wagonjwa wameisha, nikaunganisha mashine ya kushoto. Programu kwanza inafuta yaliyomo kwenye mashine, halafu inaandika mapya. Ikafuta. Kisha kompyuta ikatoa ule mlio wa kifaa kinapochomolewa, na mimi sijagusa waya. Nikasikia mlio wa pili, wa kifaa kinapochomekwa. Kwenye dirisha la mgeni yakatokea maneno kwamba kidude hakionekani. Nilichomoa, nikachomeka, nikazima, nikawasha. Nikaivaa mashine mwenyewe sikioni, kimya kitupu.

Bi Maswali alikuwa amekaa kwenye kiti akining'iniza miguu. Aliniuliza kama tayari. Nilimjibu kwa kutikisa kichwa, na sikumbuki nilikitikisa kwa kukubali au kwa kukataa.

Siku mbili za kwanza aliendelea kuuliza maswali yake, kwa sauti kubwa kupita kiasi, na mimi namjibu kwa kuandika kwenye daftari. Siku ya tatu akapunguza. Tangu Jumatano hajaniuliza chochote. Unaijua hii nyumba, unajua jinsi tulivyokuwa tunamwomba apumzike hata dakika tano. Sasa tunakula kimya, na kijiko kikigonga sahani anayeshtuka ni mimi peke yangu. Naogopa atazoea. Nimewaona watoto wanaozoea, wakaacha hata kusema, na kazi ya kuwarudisha naijua. Mashine nyingine zinaagizwa, lakini foleni yake ni miezi saba.

Na nyinyi nimewadanganya. Kila mlipopiga simu saa kumi na mbili jioni nilikuwa na sababu mkononi. Amelala mapema, anaoga, mtandao mbaya, yuko kwa jirani, anafanya hesabu asisumbuliwe. Siku niliyosema hawezi kuongea kwa sababu jino linamtoka, jino halikutoka, ndugu yangu. Hata halilegei. Nilikuwa nimesimama jikoni na yeye yuko hatua mbili kutoka kwangu akichora, na sauti ya wifi ikisema, "Basi mwambie mama yake anampenda." Nilitamani ardhi inimeze.

Taratibu alirudi jana. Aliketi, akatazama ile fomu yangu kwa muda ambao mtu mwingine angekuwa ameshakunywa chai na kuosha kikombe.

"Dada, nani alikwambia ujaze zote hizi?"

"Hakuna. Zilikuwa wazi."

Hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Alinieleza kwamba kidude kikianza kuandika kinajikata chenyewe, kisha kinarudi kikiwa na namba ya aina nyingine na toleo jingine, mfano wa mtu anayetoka kwenda kuvaa nguo za kazi. Mwenyeji akakitazama, akakilinganisha na fomu, akaona si yule aliyeandikwa, akabaki nacho mwenyewe. Mgeni akaachwa mikono mitupu katikati ya kazi. Kumbe kwenye fomu ile nafasi iliyoachwa wazi maana yake ni "yeyote awaye". Ilitakiwa niandike namba ya mtengenezaji tu, basi. Kila nilichoongeza baada ya hapo kilikuwa kinamfungia mtoto mlango.

Anasema tunaweza kujaribu tena mara moja. Mashine ikikatizwa mara ya pili hajaona iliyoamka. Tumepatana leo saa nne, kliniki imefungwa, hakuna atakayetumia umeme mwingi wala kutuita. Nimemwandikia Bi Maswali kwenye daftari kwamba tunakwenda kazini kwangu, akaenda kuvaa viatu bila kuuliza kwa nini.

Naiacha barua hapa. Sitaichana, hata mambo yakienda mrama.

Saa tisa alasiri.

Naandika tena, na ukiona herufi zinapanda na kushuka usilaumu kalamu.

Taratibu alifuta nafasi tano, moja baada ya nyingine. Iliyobaki ni namba ya mtengenezaji. Kuiona fomu ile nyeupe namna hiyo kulinitia baridi, nikajikuta natafuta kalamu nipige mistari. Alichomeka kidude, kikaenda kwa mgeni. Akachomoa, akachomeka tena, kikaenda. Mara kumi, ndugu yangu, bila mashine kuunganishwa. Kisha akaniachia kiti. Alisema mtoto ni wangu na programu naijua mimi.

Nilifunga mashine kwenye waya. Kidole changu kilikaa juu ya kitufe nikashindwa kukibonyeza. Niliwaza nikiacha hivi, angalau bado kuna mara moja mbele. Nikibonyeza, huenda isiwepo. Nilimtazama Bi Maswali, alikuwa anahesabu vigae vya sakafu kwa midomo tu, bila sauti. Nikapiga moyo konde, nikabonyeza.

Ikafuta. Halafu ukaja ule mlio, kifaa kimechomolewa. Dirisha la mgeni likabaki halina kitu. Mkono wangu ulikwisha kuufikia waya niuchomoe.

"Usiguse," Taratibu akasema. "Usiguse kitu, dada."

Sijui zilikuwa sekunde ngapi. Yeye anasema mbili. Mimi niliwaza sura yako siku ile mlipomwacha kwangu mkaniambia hamna wasiwasi. Kisha mlio wa pili. Na kidude kikatokea, kwa mgeni, kwa jina lake jipya. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Sikupumua vizuri mpaka ulipofika mwisho.

Nikaweka betri mpya, nikamvalisha sikioni, nikasimama nyuma yake. Nilikusudia kumwita jina. Sauti haikutoka. Niliogopa nikimwita na asigeuke, basi nitakuwa nimejua. Nikasimama tu pale kama mlingoti.

Akasema bila kugeuka, "Shangazi, mbona unapumua kama unafukuzwa?"

Nililia mbele ya fundi bila aibu. Yeye akajifanya anakunja waya, na waya mmoja aliukunja dakika tano.

Kutoka kliniki mpaka nyumbani nimeulizwa maswali thelathini na moja, nimehesabu. La kwanza lilikuwa mashine ilikufa kwa nini, na nimemwambia ukweli wote, fomu, babu yake, uongo wa kwenye simu, mpaka jino. Alinisikiliza kimya, kimya cha kusikiliza safari hii. Ya sikio la kulia sijaigusa, na sitaigusa mpaka hofu hii initoke. Hata sasa friji ikinguruma nageuka kuangalia kama amesikia.

Lakini kuna hofu nyingine, nayo ni yako. Kwa mdomo nisingeweza, ningeanza tena habari za jino. Kwa hiyo nitapiga picha kila karatasi nikutumie kabla ya saa kumi na mbili. Ukipiga simu leo sitapokea mimi. Atapokea yeye.

Nisalimie wifi, umwambie ujumbe wake wa mapenzi nimeufikisha leo, umechelewa lakini umefika. Nisalimie pia shemeji yako mpishi na mtoto wake mchanga. Mama yetu mkubwa anawasalimu, anasema mkonde kidogo, kwenye picha mmevimba mashavu. Mungu awalinde huko juu kwenye lifti za watu, na atukutanishe tukiwa wazima, na masikio yetu yote.

Bi Maswali ameniomba nimwachie nafasi hapa chini. Nimemwachia wazi, sijapiga mstari, na sijui ataandika nini.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na ambaye leo nakuogopa.

*

Baba na mama, hamjambo? Mimi sijambo. Nasikia. Shangazi analia jikoni na anadhani sisikii. Nina swali moja tu. Siku tisa hamkusikia sauti yangu. Mlidhani nimelala zote?