Aliyekuwa Akinitilia Sukari

Kasikeu, Jumanne jioni

Mwizi amepatikana, na si mimi!

Miezi miwili sasa Mwende, mke wa mwanangu, ananipima sukari kila asubuhi. Ikiwa juu ananifokea, "Mwaitu, mama yangu, umeramba sukari tena usiku!" Hata kabati la sukari alilitia kufuli. Mimi, mama wa kanisa!

Leo alinipeleka kliniki ili anishtaki. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hajaramba kitu. Ni ini lake. Alfajiri mwili hutoa homoni za kumwamsha mtu, kama kortisoli, nazo huliambia ini lifungue akiba yake ya sukari. Mtu akigombezwa, homoni hizo huzidi, na sukari hupanda zaidi."

Nikamgeukia Mwende. "Kumbe wewe ndiye unayenitilia sukari!" Nesi alicheka hadi akaketi.

Bado naogopa, nisijidanganye. Vidole vya mguu vinakufa ganzi. Lakini dawa imebadilishwa.

Tulipofika nyumbani, Mwende alinipa ufunguo wa kabati. Nimeuweka ndani ya Biblia yangu. Chai nimekunywa bila sukari, kama kawaida.

Ilikuwa tamu ajabu.