Mama, nimeleta mbwa sebuleni kwako

Mama yangu,

Kwanza simama unione. Kuanzia hapa Akalla mpaka mjini hakuna mtu anayewajua wanyama kunishinda mimi. Hata simba tukikutana ananipisha njia, halafu anauliza nyumbani hawajambo. Na wale walimu waliosema sitafika mbali walikosea: nimefika mwisho kabisa wa laini ya buluu ya treni ya mjini, na ndipo ninapoishi.

Sasa kaa. Nimeleta mbwa. Ndani. Sebuleni kwako, juu ya zulia ulilotukataza kulikanyaga na viatu.

Unakumbuka nilipokuomba mbwa nikiwa na miaka kumi? Ulisema, "Mbwa ni wa nje. Kule Uvira umewahi kuona mbwa amealikwa ndani?" Haukupita mwezi, ukarudi kutoka kazini na paka ndani ya koti, anatetemeka kwa baridi. Ukampa jina Kapita, yaani mnyapara, maana alikaa juu ya friji akisimamia kazi za wenzake. Akalala kitandani kwako! Nilipolalamika ukanijibu, "Huyu si mnyama, huyu ni mtu." Kesi ile sijaisahau, Mama, na hukumu nimeipindua mwenyewe.

Mbwa anaitwa Fufu, maana ni mweupe na anakaa mkononi kama tonge la ugali wa muhogo. Mama mdogo, anayekaa nami tangu ulipotutoka, alipomwona alishika kichwa.

"Imbwa mu nyumba ya dada yangu? Weye uko muzima kweli?"

"Mzima kabisa, Mama mdogo. Msalimie mgeni."

"Nimusalimie imbwa? Atanijibu Kiswidi?"

Siku ya kwanza nilifuata desturi yetu. Kwetu mgeni hafungiwi chumbani. Anaingizwa sebuleni na nyumba nzima inaitwa kumsalimia. Basi nikambeba Kapita, nikamsogeza pua kwa pua na Fufu. Kapita akasalimia kwa kucha, na pua iliyosalimiwa ilikuwa yangu. Akaruka juu ya kabati la vyombo, akakaa huko siku mbili, mimi nikimpandishia chakula kwa kiti kama mhudumu wa hoteli.

"Ata mugeni anapiga hodi kwanza," Mama mdogo alisema, akicheka mpaka kilemba kikamdondoka.

Mimi nishindwe? Nikaenda kwenye kompyuta ya maktaba ya Kista, mtaa wa jirani, nikasoma Kiswidi kingi kuliko nilichosoma miaka yangu yote ya shule. Waliandika hivi: mtoto wa mbwa akae chumba chake, mlango ufungwe, kila mmoja alie chakula upande wake, na wabadilishane matandiko, wajuane kwa harufu kabla ya kuonana kwa macho. Nikafanya yote. Leo, Mama, wanakunywa maji bakuli moja, Kapita akitangulia kama mkubwa. Mama mdogo anamwita Fufu "mjukuu" akidhani simsikii. Wanaosema paka na mbwa hawakai pamoja waje Akalla, nitawapa viti waangalie.

Kwa hiyo kuhusu mbwa siombi msamaha, hata ungeingia sasa hivi na mwiko mkononi. Fufu habanduki hapa. Pumzika huko uliko, na ukinung'unika nung'unika polepole, maana hapa wamelala.

Ila kuna hayo matandiko. Tangu uondoke, Kapita alilala juu ya kitu kimoja tu: kitenge chako cha njano chenye ndege, kile ulichojifunga mpaka siku ya kwenda hospitali. Hatukuwahi kukifua. Hicho ndicho nilichompa Fufu anuse, na Fufu akakikojolea. Nikakishusha kwenye chumba cha kufulia cha jengo, nyuzijoto sitini, sabuni mara mbili, najiona fundi. Kilipokauka nikamtandikia Kapita. Akakizunguka, akanusa pembe zote nne, akaondoka. Hajakilalia tena.

Nami pia, Mama. Mama mdogo akienda kazini nilikuwa najifunika nacho usoni. Jana nilijifunika tena. Ni sabuni tu. Nimekinusa mpaka kwenye pindo, ni sabuni tu, na mimi ndiye niliyekifua.

Kitindamimba wako