Mashine Zote Ziliitwa Bingwa

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikukute salama, wewe na baba, na usingizi muwe mmepata. Mimi mzima, nang'aa kama sufuria mpya. Anayebisha aje anitazame.

Barua yako nimeipata. Umepata nafasi chuo cha ukunga, na unauliza baba utamwachia nani. Nitafika huko, kwanza nikupe habari za kazini.

Hapa mimi ndiye kila kitu. Wenye digrii wapo, lakini wakikwama huniita Bingwa. Tumeletewa seva, zile kompyuta kubwa zisizo na kioo, zimejaa chumba kizima. Zamani kila moja niliikalia kama mgonjwa, nikiiwekea mfumo wa kuiendesha na kujibu maswali yake: jina lako nani, anwani yako ipi. Safari hii nikaandika maagizo mamoja kwa zote, na penye majibu nikaacha nafasi tupu, wenyewe huziita vigeu, ili kila mashine ijaziwe yake.

Ila penye jina nikajisahau, nikaandika Bingwa. Zikaamka zote ni Bingwa. Ukiita moja zinaitika zote. Mtandao ukawa kama harusi yenye mabwana harusi kumi. Mkuu wangu akasema taratibu kwamba hata yule Bingwa mmoja alikuwa anamzidi nguvu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha kile chumba baridi cha mashine kikaanza kuelea machoni pangu. Feni zinavuma, taa za kijani zinapepesa, nami naota macho wazi. Nikakumbuka ulivyoniandikia kwamba baba sasa kila aingiaye humwita kwa jina langu: wewe, jirani, hata muuza maziwa. Nikawaona mnaingia mmoja mmoja, mnaitika, naye anatabasamu, na mimi mwenyewe simo.

Nikarudisha kigeu mahali pake. Kila mashine ikapata jina lake, ikajiwekea mfumo, mimi mikono mfukoni.

Sasa nikwambie ukweli. Watu wanadhani niliandika maagizo yale kwa kupenda sifa. Sifa nazipenda, sikatai. Lakini nilianza siku barua yako ilipofika, ili kazi iende bila mimi kuwepo. Nikamwomba mkuu niziamuru mashine kwa mtandao, nikiwa sebuleni kwa baba. Akanitazama sana, akasema, "Nenda. Mashine zinangoja, mzee hangoji."

Basi funga begi, mama mkunga. Nakuja kukaa, si kutembea. Ila kupika sijui, kumwogesha mtu mzima sijui, na neno "sijui" sijawahi kumwandikia mtu. Kabla hujaondoka, nifundishe.

Mshikie baba mkono kwa niaba yangu, na majirani wote wasalimie.

Ni mimi kaka yako,
Bingwa