Kula kwa Mama Mkwe Mjini Thika

Majengo, Thika

Kaka Zakaria,

"Mji wenye hoteli kila pembe hauwezi kumkosesha mwanamume mahali pa kula isipokuwa kwenye meza ya mama mkwe wake." Hayo ni maneno yako, katika barua uliyoisoma kanisani baada ya ibada kabla hujaitia posta. Nimeyapitia mara nyingi nikitafuta neno moja la kweli ndani yake, na nimelipata: Thika ni mji. Yaliyobaki ni uongo, nami nitakuonyesha.

Lakini nakusalimu kwanza, kwa sababu mama alitulea tusalimiane hata tukiwa na ugomvi. Hujambo? Mguu uliokuwa ukikusumbua wakati wa baridi umepona? Rasoa mke wangu na watoto hawajambo? Nasikia mvua imenyesha vizuri huko Bunyore na mahindi yamesimama. Mimi ni mzima, bado ni karani wa mizani katika kiwanda cha ngozi, na nanuka ngozi hata siku ya Jumapili. Hayo yatosha. Turudi kwenye hoteli zako.

Unazijua wapi? Ulipita Thika mara moja tu, ukienda mkutano wa kanisa, ukachungulia kwa dirisha la gari moshi ukaona vibao. Kibao hakiliwi, kaka.

Nilianza na jiko la kampuni. Ugali unasongwa kwa sepeto ndani ya pipa, kwa unga uliokaa ghalani hadi ukashika ladha ya gunia, na maharagwe yake yana wadudu wengi hata wenzangu huyaita nyama. Nikahamia hoteli za karibu na stesheni. Huko mchuzi wa Ijumaa bado unapashwa moto Jumatatu. Niliula, nikalazwa hospitali nikitapika, na mwenye hoteli akaja kunitazama, si kwa huruma, bali kuniomba nisimtaje kwa bwana afya. Ile hoteli yenye vitambaa vya meza ni ya Wazungu. Naijua kwa harufu tu nikipita nje. Kwa Mhindi wa mikate nauziwa kupitia dirisha la nyuma, kisha nikale nikitembea kama punda. Na wanawake wenyeji waliokuwa wakiketi nje ya lango la kiwanda na vyungu vya githeri, chakula safi, cha bei ya mfanyakazi, hawapo tena. Tangu serikali itangaze Hali ya Hatari wamefungiwa vijijini nyuma ya handaki, na anayetaka kuuza mahindi na maharagwe sharti aombe ruhusa kwa askari.

Nikaambiwa Ruiru kuna mahali. Jumapili moja nikaenda kwa baiskeli. Chakula kilikuwa kizuri kweli: viazi, kunde, chai ya maziwa. Kabla sijamaliza sahani askari wakaingia, wakatutoa nje tukachuchumaa juani, mikono kichwani, kila mmoja akaonyesha kipande chake, cheti cha kabila na kazi. Mimi, kwa kuwa natoka magharibi, niliambiwa nirudi ndani nikamalize kula. Mzee wa Kikuyu tuliyekaa naye meza moja, aliyekuwa amenisogezea chumvi muda mfupi kabla, alipandishwa lori. Sahani yake ikabaki mbele yangu, bado ina mvuke. Niambie wewe unayejua hoteli: ungemaliza yako?

Utasema nijipikie. Tunalala wanaume wanne katika chumba kimoja, mwenye nyumba hataki moto ndani, na nikitoka kazini jioni hata kuni za kuomba hazipatikani.

Ndipo nikampata Mama Peresi. Ni mjane kutoka upande wetu, ana chumba cha mabati hapa Majengo, meza moja ndefu na mabenchi. Ugali wa wimbi unasongwa kwa mwiko, na kuna mboga za mrenda na kunde, na samaki mkavu anayeletwa kwa gari moshi kutoka Kisumu. Sahani zinaoshwa kwa maji ya moto mbele ya macho yako. Bei yake ni ya mtu wa mshahara kama wangu. Watu wa magharibi tulijaa pale kila jioni, na tumbo langu likapona. Sikumwuliza ukoo wake, naye hakuniuliza wangu. Mtu mwenye njaa haulizi mpishi ni binti ya nani.

Aliyeuliza ni Jairo, mwana wa shangazi yetu, siku ile alipofika kutafuta kazi nikampeleka kula. Unamjua Jairo, hawezi kuweka tonge mdomoni kabla ya kujua babu ya mpishi. Mama Peresi akamtajia baba yake, akamtajia babu yake, akasema dada yake mkubwa aliolewa ng'ambo ya mto, kwa Mzee Eliakimu. Basi dada huyo ndiye mama yake Rasoa. Najua desturi kama unavyoijua wewe: kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe, na dada za mama mkwe ni mama wakwe vilevile.

"Tema," Jairo akaniambia kwa sauti ya chini.

"Nimekuwa nikimeza tangu mvua za mwaka jana," nikamjibu. "Nianzie wapi kutema?"

Watu walicheka. Mama Peresi hakucheka. Alijifunika uso kwa leso akatoka kwa mlango wa nyuma, na ugali ukaungua mekoni.

Sikurudi kwa siku kadhaa. Nilipopita tena, nilikuta ameshona magunia ya kahawa yakawa pazia, akayatundika katikati ya chumba, meko upande wake, meza upande wetu. Sahani yangu ikapitishwa chini ya gunia.

"Kula, mkwe wangu," akasema kutoka huko. "Sikuoni."

Mmoja wetu akamwuliza, sasa mtu akitaka kuongezwa mboga atafanyaje. Akajibu kwamba akohoe. Jioni ile tulikohoa kama wodi ya kifua kikuu.

Hivyo ndivyo heshima inavyolindwa mjini, Zakaria. Mambo yangeishia hapo. Lakini Jairo akakuandikia, nawe ukawaandikia watu wetu wote wa Thika na Ruiru kwamba atakayekula katika nyumba ile mikono yake itatetemeka kwa kuvunja mwiko, na ya watoto wake pia. Utazame mwandiko huu. Nimekula kwake leo mchana.

Wao wamekuogopa. Mabenchi yamebaki matupu na wanaume wazima wamerudi kwenye maharagwe ya kampuni, wanatapika kwa utii. Juzi nilimsikia Mama Peresi akifunga vyombo. Nikamwuliza, kupitia gunia, anakwenda wapi.

"Kwa kaka zangu," akasema. "Kama watampokea mwanamke aliyemlisha mkwe wake."

Hana mtoto wa kiume. Hana shamba. Kaka zake walikuwa kanisani siku uliyosoma barua. Chumba hiki ndicho alicho nacho duniani, na mwezi ukiisha bila wateja mwenye nyumba atampa mtu mwingine. Hukunifukuza mimi mezani, kaka. Mimi nina mshahara, nitaugua tu. Umemfukuza yeye.

Sasa nikuulize mbele ya hao uliowasomea. Mwaka ule mama mkwe wako alipozidiwa na ugonjwa, ni nani aliyempakia kwenye baiskeli akampeleka hospitali ya misheni, mikono yake imekushika kiuno njia nzima? Wanaume waliokutana nawe waliinamisha vichwa wakapita. Ulifanya vema, nami nilijivunia kuwa ndugu yako. Uliona kwamba haja imezidi haya. Je, njaa si haja? Desturi hii ilitungwa na watu walioshiba, ambao kila mmoja alikuwa na jiko la mama yake, la mke wake na la shemeji yake. Hakuna aliyelala njaa kwa kumwepuka mama mkwe.

Hata hivyo mababu hawakuwa wajinga. Waliacha njia. Mbuzi wa upande wa mume anapelekwa kwa upande wa mke, nyama yake inaonjwa na pande zote mbili mbele ya wazee, na tangu siku hiyo mkwe na mama mkwe wanaweza kula machoni pa kila mmoja. Nilikuomba umpeleke, wewe uliye mkubwa wetu tangu baba alipofariki. Ukanijibu kwamba mzee wa kanisa hapeleki mbuzi wa mila. Yaani katazo la mila ni takatifu, lakini ruhusa yake ni upagani? Umeshika kufuli kwa mkono wa mababu na kutupa ufunguo kwa mkono wa Kanisa. Nimesoma vitabu vingi, vya waumini na vya wasioamini, na sijaona dini inayofundisha hivyo. Hiyo si mila, wala si Injili. Hiyo ni Zakaria.

Mwambie Rasoa asiinamishe uso kisimani. Mumewe hakumvunjia mama yake heshima. Mama yake mwenyewe nampa salamu za mbali, kama ipasavyo. Watoto wapewe mkono mmoja mmoja, na yule mdogo asisahauliwe. Shangazi yetu aambiwe kwamba mwanawe Jairo amepata kazi ya kubeba magome ya miti kiwandani, na amekonda.

Na sasa nasema nanyi wawili, wewe Zakaria, na wewe baba mkwe wangu Mzee Eliakimu, maana najua mtasomeana barua hii. Mbuzi wangu mweupe yuko zizini kwa Rasoa. Kama mnashika mila, mpelekeni juma hili, na dada mkubwa wa Mama Peresi aonje kwa niaba ya mdogo wake. Kama mnashika Kanisa, basi Zakaria, Jumapili simama palepale uliposimama useme kwamba ugali wa mjane haumtii mtu unajisi. Chagueni moja. Kisha andikeni kwa mkono wenu kwa watu wetu wa Thika na Ruiru, kabla mwezi haujaisha, warudi wakale.

Ni mimi, mdogo wako wa damu na mpinzani wako wa haki,

Ezekieli