Udongo Uliovuka Mto

Mdogo wangu,

Shuka imefika, ila rangi yake uliichagua umefumba macho. Kuku wanataga. Goti ni lilelile.

Unataka nihamie kwako kwa kuwa mto unakula shamba. Kweli, mvua hizi umemega hadi kwenye shina la mpera. Lakini mto haumezi, unahamisha tu. Udongo wangu umeutua ng'ambo, kwenye kona ya mto, na shemeji keshapanda mahindi juu yake. Eti neema ya Mungu.

Nikavuka na jembe, nikaanza kulima katikati ya mahindi yake. Akaniuliza, "Shemeji, una wazimu?"

Nikamjibu, "Udongo huu nimeutia samadi mimi miaka yote. Unanijua."

Kuna jambo sikukuambia. Kaburi la mume wangu lilikuwa kando ya mpera ule, upande wa mto. Nalo limekwenda. Nilipomwambia shemeji kwamba huenda anapalilia juu ya kaka yake, alikaa chini, kisha akaniachia nusu ya kona.

Kwa hiyo sihami. Mto ukimhamisha tena mume wangu, nitauuliza umemtua wapi, nami nitabeba jembe.

Dada yako, wa hapahapa