Sahani ya Kamba kwa Irma

Bergen, Jumapili ya mvua

Mpwa wangu Liesbet,

Nimefurahi kusikia unampeleka mama yako Oostende. Umeniuliza mahali pazuri pa kula. Migahawa inayotazama ufuko ipiteni tu. Vitambaa vya meza ni vyeupe, lakini supu ya samaki haina samaki. Kahawa kanyweni kwa Wittebroodt, karibu na kanisa. Nimezeekea huku Norwe na bado naiota krimu yake.

Sasa lile uliloliandika mwishoni, kwamba tangu tumzike baba yako, dada yangu anaishi kwa chai na biskuti. Mpeleke kwa Irma, nyuma ya soko la samaki. Agiza bia na sahani ya kamba wadogo wa kijivu, wakiwa na maganda yao. Usimwambie ale. Wamenye wewe, tena vibaya: vuta mkia bila kuuzungusha kwanza, nyama ikatike.

Tulikua tukimenya kamba mezani jikoni, na mama yako Godelieve hawezi kuvumilia uharibifu huo. Atasema, "Hebu lete huku! Utadhani umezaliwa Brussels, wewe mtoto!" Ataanza kumenya. Na kwetu hakuna anayemenya kamba bila kujitilia mmoja mmoja kinywani, hata awe na huzuni gani. Mkono huenda wenyewe.

Akimeza wa kwanza, usimpongeze wala usimtazame. Zungumzia mvua, na umwashirie Irma alete sahani nyingine.

Nimebakiwa na dada huyo tu.

Mjomba wako,
Gaston