Mahindi Uliyoyatundika Juu ya Mafiga

Babu,

Shikamoo. Najua hutaniitikia marahaba, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Ungeuliza ni nani aliyenilea.

Ni miezi mitano tangu tukuzike karibu na mikorosho. Kisima kimekauka, sasa tunafuata maji na punda mpaka barabara ya Kinango. Mbuzi wamebaki watatu. Yule beberu mweupe uliyemwita Chifu, kwa kuwa alipenda kusimama mbele ya watu bila kazi, amekufa. Nisamehe, Babu, yeye nilimlilia sana. Siku yako machozi yalikataa.

Lakini nakuandikia kwa ajili ya mbegu.

Yale mahindi uliyoyachagua mwenyewe, ukayafunga mawili mawili kwa maganda yake na kuyatundika juu ya mafiga, yapate moshi yasiingiwe na wadudu. Ulituambia hata njaa ikija, yale si chakula.

Kanisani kwetu amekuja mhubiri mpya. Simwamini. Ana sauti nzuri, na mimi sauti nzuri hunitia wasiwasi. Kila Jumapili anasoma nabii Yeremia, mstari ule ulioupenda, kwamba Mungu anatuwazia amani na mbele yetu liko tumaini. Kisha anaifunga Biblia. "Aliyeahidiwa hapandi!" anasema. "Kupanda ni kutilia shaka!" Akaagiza kila nyumba ilete mbegu zake, zipikwe pamoja na kuliwa kwa imani, nacho chakula kingine kitatoka kwa Mungu bila jembe. Watu walilia. Mama naye alilia, na alipomaliza uso wake ulikuwa umepumzika. Hilo ndilo lililoniogopesha. Sijamwona amepumzika tangu ulipougua.

Jirani yetu Mwanasha alipokuja kuomba kaa la moto, alisikia habari hiyo akacheka.

"Kwa hivyo mhubiri wenu halimi mwaka huu? Mbona jana nimemuona mkewe sokoni Ukunda akichagua jembe, akiligongagonga kama anunua nazi?"

"Wewe cheka tu, Mwanasha," Mama akasema.

"Nicheke mie? Mie naulizia jembe, shoga yangu. Kama hana kazi nalo, anipe."

Mama akampa kaa lake. Mimi nikamsindikiza tu mpaka mlangoni. Unanijua. Maneno hunijia mtu akishaondoka.

Nikuambie ukweli, Babu. Wewe pia nilikuwa nimeanza kukushuku. Ulipokuwa umelala kitandani hospitali ya Msambweni ulinisomesha manabii mpaka koo likanikauka. Ulikuwa ukisema, "Mvua itarudi, Mwende, na shamba litajaa." Ukafa katikati ya vumbi. Nikawaza, kama Babu alidanganywa na kitabu hiki, Mama ana kosa gani?

Jumamosi jioni Mama aliyashusha mahindi yako. Akakaa kwenye kigoda, ungo miguuni, akaanza kupukuchua. Punje zilikuwa nyeusi kwa moshi. Kila zilipoanguka nilisikia kama mtu anahesabu siku zetu. Nilitaka kusema, nikashindwa. Nikaenda kuichukua Biblia yako, ile iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, niutafute mstari wa mhubiri nione kama upo.

Upo. Lakini nikakumbuka ulivyokuwa ukinikemea: "Mstari mmoja ni kiatu cha mguu mmoja. Anza juu." Nikaanza juu, na nikaanza kwa sauti. Mimi, ninayejikunyata nyuma ya wenzangu darasani nisiitwe kusoma.

Kumbe ni barua, Babu. Yeremia anawaandikia watu waliohamishwa kwa nguvu, na kabla ya ahadi yoyote anawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, wale walichokipanda. Halafu anawaonya wasidanganywe na manabii walio kati yao. Halafu anawaambia watarudishwa kwao baada ya miaka sabini. Ndipo unapofika ule mstari wa amani.

Mikono ya Mama ilisimama.

"Hebu rudia hapo pa bustani."

Nikarudia.

"Mbona hapo hakutusomea?"

Mama akainuka. Alisogeza ungo mbali na mafiga. Nusu ya punje zilikuwa zimeshalowekwa sufuriani, hizo tulizila usiku ule na maharagwe, na Mama alitafuna kama mtu anayekula kitu cha mwenzake.

Nilipokuwa nafunga kitabu ndipo nilipoona penseli yako. Kando ya ile miaka sabini, kwa mwandiko uliopinda wa siku zako za mwisho, umeandika maneno mawili: "Mimi simo."

Nililia, Babu. Yale machozi ya mazishi yalikuja yote. Ulijua. Waliopokea barua ile wakiwa watu wazima walizikwa hukohuko ugenini, na waliambiwa wapande. Uliniambia mvua itarudi. Hukuniambia utaiona.

Jumapili Mama alikwenda kanisani mikono mitupu. Mhubiri alimuuliza mbele ya watu mbegu ziko wapi. Mama akasema, "Zetu ni za kupanda, mtumishi." Akakaa. Sasa kuna wanawake wasiotusalimu kwenye maji, na wale waliopika zao hawataki kututazama. Nina hofu na miezi inayokuja, kwetu na kwao.

Jumatatu kabla ya shule tulizipanda kwenye vumbi. Mistari minne tu. Mpaka leo haijanyesha. Kila wingu nalishuku. Nalitazama kama ninavyomtazama mhubiri, nikingoja lisome mpaka mwisho.

Lala salama, Babu. Tukivuna hata hindi moja, sitakubali liingie sufuriani. Nitalitundika juu ya mafiga, kwenye msumari wako. Na popote nitakaposikia ahadi, nitaanza juu ya sura, hata kama sauti yangu itatetemeka.

Wewe humo. Sisi tumo.

Mjukuu wako,
Mwende